Kabla hatujaufukia mtaro, tuulizane nani atauzibua

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, chini ya mwarobaini ulioko nje ya ofisi ya serikali ya mtaa wetu. Viti vya plastiki havikutosha, wengi tulisimama. Ajenda ilikuwa moja tu: mtaro mpya utakaoukata mtaa kutoka barabara ya lami hadi mtoni. Injinia aliyetumwa kutuelimisha alikuja na mchoro mkubwa, akaubandika ukutani kwa selotepu, akaanza kuzungumzia mita za ujazo kwa sekunde. Hazijapita dakika kumi, mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na kijiwe cha bodaboda akanyoosha mkono.

"Injinia, samahani mwanangu. Hayo sisi hatuyajui. Sisi tunataka bomba. Mtaro wa wazi tunao tangu mimi niko mwali, na mjukuu wangu ametumbukia humo mara mbili. Tufukieni bomba, juu tupite."

Watu wakapiga makofi. Injinia akajibu kwamba usanifu umeshapitishwa na bajeti ni ya mtaro wa wazi, akakunja mchoro wake. Mwenyekiti akafunga kikao kwa dua, watu wakatawanyika wakinung'unika kwamba bomba ni la wenye nazo na mtaro wa wazi ni wa uswahilini.

Mimi niliondoka na masikitiko ya aina mbili. Kwanza, mama yule alikuwa na hoja na hakujibiwa. Pili, injinia naye alikuwa na hoja nzuri kuliko aliyoitoa, lakini aliificha nyuma ya neno "bajeti". Ukimwambia mtu hapewi kitu kwa sababu hakuna hela, umemwambia kwamba kitu chenyewe ndicho bora. Kwa mitaa mingi ya Dar es Salaam hilo si kweli, na ni vizuri mtu akae chini alieleze kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Nianze na hoja ya mama, maana ni nzito. Anayeishi kando ya mtaro wa wazi anajua usiku wa masika ulivyo. Barabara na mtaro vinakuwa maji mamoja, ukingo hauonekani, na mtoto anayetumwa dukani anakanyaga pasipo na ardhi. Kuna harufu. Kuna mwenye nyumba anayeshindwa kupangisha chumba cha mbele. Kuna heshima pia: watu hawapendi kuishi mbele ya shimo linalotembeza uchafu wa jirani zao. Hakuna hesabu ya kitaalamu inayofuta lolote kati ya haya. Anayekuja kutetea mtaro wa wazi bila kutaja watoto wanaotumbukia hastahili kusikilizwa.

Lakini tuyaangalie maji yenyewe.

Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua paa la bati la mita 10 kwa 10, nyumba ya kawaida kabisa ya vyumba sita. Ikinyesha mvua ya milimita 50, ambayo kwa Aprili ya Dar si ajabu, paa hilo peke yake linamwaga lita 5,000, yaani tenki kubwa lililojaa hadi juu. Mtaa wenye nyumba 200 za namna hiyo unamwaga lita milioni moja, sawa na maboza 100 ya lita 10,000 yaliyofunguliwa kwa pamoja. Hapo sijahesabu nyua zilizosakafiwa, barabara, wala maji yanayoshuka kutoka mtaa wa juu yetu. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama mchangani chini ya minazi na miembe. Sasa tumejenga na kusakafia kila mahali, maji hayana pa kuzama, yanakimbia.

Tumeshaona yakikimbia. Desemba 2011 mvua ya siku tatu iliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, wengi wao wakazi wa mabondeni, na wataalamu wa hali ya hewa wakasema mvua kama ile haikuwahi kurekodiwa tangu 1954. Waliookolewa wakahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Jangwani imefungwa mara ambazo wengi wetu tumeacha kuzihesabu, Barabara ya Morogoro ikikatwa na Mto Msimbazi na mabasi yaendayo kasi yakisimama.

Sasa weka mbele yako vitu viwili: mtaro wa zege wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, na bomba la zege lenye kipenyo cha sentimita 60. Kwa macho ni ndugu. Vilaze vyote kwenye mteremko mmoja, wa kushuka nusu sentimita kwa kila mita. Ukipiga hesabu ya kawaida ya mafundi wa maji, mtaro ukijaa unapitisha takriban lita 580 kwa sekunde na bomba lita kama 430. Duara linapoteza pembe zote nne, na pembe hizo ndizo zinazobeba maji ya ziada.

Tofauti hiyo ingeweza kufidiwa kwa kununua bomba kubwa zaidi. Kinachonisumbua mimi ni namna maji yanavyoingia. Mtaro wa wazi unapokea maji popote: kila geti, kila uchochoro, kila ukuta unaovuja unamwaga humo moja kwa moja. Bomba linapokea kupitia matundu machache tu yaliyowekwa pembeni ya barabara. Tundu likizibwa na pempasi moja na chupa mbili za maji, bomba linabaki tupu huku mtaa unaelea. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye barabara moja iliyotengenezwa vizuri kabisa. Maji yalifika magotini, watu wakivushwa kwa mkokoteni kwa shilingi 500, halafu kijana mmoja akazamisha mkono, akapapasa na kung'oa kitambaa kilichokuwa kimenasa kwenye nondo za tundu. Maji yakaanza kuzunguka kama ya sinki. Nusu saa baadaye lami ilionekana. Bomba lilikuwa zima muda wote.

Kuna adui mwingine ambaye hatumtaji sana kwenye mikutano: mchanga. Dar imekaa juu ya mchanga, mitaa yetu mingi haina lami, na kila mvua inakuja na udongo wa Pugu, wa Kimara, wa Goba, wa kila mlima uliochimbwa kifusi. Maji yakikimbia vizuri yanaubeba. Kasi ikishuka chini ya sentimita 60 hivi kwa sekunde, mchanga unatua, na ukishatua unaganda kama chapati. Maeneo yaliyo tambarare, kama sehemu nyingi za Mikocheni na Msasani, hayana mteremko wa kutosha kuyasukuma maji yenyewe. Kwa hiyo usiulize kama mchanga utatua. Utatua, na hesabu ya kweli ni siku ngapi utakaa humo kabla haujatolewa.

Rudi kwenye mtaro wetu wa sentimita 60. Ukijaa mchanga hadi nusu, hazibaki lita 290. Zinabaki kama 240, kwa sababu maji sasa yanasuguana na sakafu iliyopanda huku nafasi ya juu ikiwa imepungua. Lakini nusu hiyo ya mchanga kila mtu anaiona akienda kazini. Mjumbe anaiona, mwenyekiti anaiona, mtoto wa darasa la pili anaiona. Vijana wanne wenye koleo na toroli wanakimaliza kipande chake asubuhi moja.

Bomba hali yake nilijifunza siku moja ndugu yangu aliponiita nyumbani kwake. Mtaa wao ulikuwa umefukiwa bomba miaka michache nyuma, wakasherehekea, wakapanda maua juu yake. Masika mawili yalipita salama, la tatu maji yakaingia sebuleni. Wakaamua kufungua chemba, yaani shimo la kulifikia bomba. Kwanza ilibidi itafutwe, kwa sababu mwenye duka alikuwa ameweka kibanda juu yake. Kibanda kikahamishwa. Mfuniko wa chuma haukuwepo, ulikwenda zamani kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mahali pake fundi mmoja alikuwa amemimina zege. Wakapasua kwa nyundo karibu saa nzima. Zege lilipoachia, tukainama wote na tochi za simu. Tulitarajia shimo. Tuliona mchanga mweusi, umelala laini, vidole vitatu chini ya dari ya bomba. Juu ya mchanga huo kulikuwa na kandambili moja ya mtoto.

Hapakuwa na la kufanya siku ile. Koleo haliingii kwenye bomba. Mtu akiingia humo anaweza kufa kwa kukosa hewa, naomba hili lisikike kwa sauti kubwa, maana bado tunawashusha vijana kwenye mashimo ya namna hiyo kwa elfu kumi. Kinachohitajika ni gari la kusukuma maji kwa nguvu na kunyonya tope, tena gari hilo lije kwa ratiba, si kwa barua ya tatu ya malalamiko. Linahitaji pia kufika, na uchochoro ambao bajaji inapita kwa kukunja vioo hauwezi kulipokea.

Suala la majitaka lazima nilikalie kidogo, kwa sababu hapo ndipo wakazi na wataalamu wanazungumza lugha mbili bila kujua. Mtu wa mtaani anaposema "bomba", mara nyingi kichwani anaona bomba litakalomwondolea shida ya choo. Bomba la majitaka ni kitu kingine kabisa. Hilo ni jembamba, limefungwa, linatembea kila siku na linapaswa kuishia kwenye mabwawa ya kusafishia. Bomba la mvua ni pana, linakaa kavu miezi kadhaa, halafu kwa saa moja linapokea kila kilichoko juu ya ardhi na kukipeleka mtoni na baharini bila kusafishwa. Hata wenye dhamana ni tofauti: majitaka ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, mitaro ya barabara zetu za mitaani iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa 2017, na takataka zinazoiziba ni za halmashauri. Mkazi mwenye mtaro mmoja mbele ya nyumba ana milango mitatu ya kubisha.

Sote tunajua kinachofanyika usiku mvua ikikolea. Watu wanatapisha vyoo. Nyumba nyingi za jiji hili hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka, shimo linajaa, gari la kunyonya lina gharama, basi mvua inageuzwa kuwa gari. Kwenye mtaro wa wazi aibu hiyo ina macho. Asubuhi jirani anaona paipu imetoka ukuta gani. Nimeshuhudia mwenyekiti akisimama mbele ya nyumba ya mzee anayemheshimu, akamwamkia shikamoo, akamwonyesha paipu yake kwa kidole bila kusema neno zaidi. Paipu ikaondolewa wiki ileile. Ukifukia bomba, kila mtu anaweza kujiunga nalo gizani, na hakuna atakayejua mpaka kipindupindu kipite nyumba kwa nyumba kama kilivyofanya 2015 kilipoanzia Kinondoni na kusambaa nchini.

Mbu nao wanatajwa kila mkutano. Yai la mbu linahitaji wiki moja au zaidi ndani ya maji kufika kuwa mbu mwenye mabawa. Mtaro wenye mteremko unaokauka siku mbili tatu baada ya mvua haumlei. Mtaro uliotuama unamlea, na chemba yenye maji machafu chini ya mfuniko inamlea vilevile, tena kwenye kivuli na utulivu. Anayeleta dengi anapenda zaidi ndoo, matairi na makopo yetu uani kuliko mtaro wowote.

Je, nasema bomba halifai? Hapana. Kuna mahali ambapo mtaro wa wazi ni hatari isiyo na sababu: mbele ya shule, kituo cha daladala, soko, Kariakoo ambako watu hawana hata pa kuweka mguu. Barabara ikiwa ina lami pande zote, mchanga ni kidogo, mteremko upo na gari la kuzibulia linafika, bomba ni jibu zuri. Hata huko kuna la kuzingatia. Bomba linalomwaga baharini linakutana na bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, maji yakipanda zaidi ya mita tatu, na mvua ikinyesha saa hiyohiyo maji ya mjini hayana pa kutokea. Wavuvi wa Feri wanaijua saa hiyo vizuri kuliko vitabu vyetu vyote vya usanifu. Na pale maji yalipo mengi kweli, hata wenye hela hawakuyafukia. Mto Ng'ombe ulipotengenezwa chini ya DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar uliopata mkopo wa Benki ya Dunia, ulijengewa kingo ukaachwa wazi. Haukuachwa hivyo kwa sababu unapita kwa maskini.

Lakini huwezi kumrudia yule mama na maelezo haya ukaishia hapo. Mjukuu wake bado anatumbukia. Jibu ambalo injinia hakulitoa lipo, na kwa maoni yangu ndilo linalofaa mitaa mingi kama yetu: mtaro wa zege wa umbo la U, uliofunikwa kwa slabu fupifupi zinazonyanyuka, zenye matundu ya kupokea maji, na sehemu chache zilizoachwa wazi zenye nondo ambapo uchafu unakamatwa na kuonekana. Mtoto anapita juu. Mchanga unatolewa kwa koleo. Paipu ya siri inaonekana siku ya usafi wa Jumamosi. Ni ghali kuliko mtaro mtupu, lakini hauhitaji gari lisilofika.

Hapo sisi wakazi nasi tuna deni. Ukitembea kwenye mitaro yetu utaona kila geti lina kidaraja chake. Mwenye gari amemimina zege akaweka chini paipu ya inchi 12, kwa sababu ndiyo aliyoikuta dukani. Paipu hiyo haipitishi hata robo ya maji ya mtaro wa sentimita 60. Nyumba ishirini zikifanya hivyo, tumejijengea bomba wenyewe, bovu, lisilo na chemba, na kila masika tunailaumu serikali kwa kidaraja alichojenga baba mwenye nyumba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na kwa kweli mitaro ilipumua. Chupa, kifusi na nepi bado vinatupwa humohumo, hasa wiki ambazo gari la taka halikuja.

Anayedhani wakazi hawawezi kuelewa mambo ya mitaro aangalie kazi ya Ramani Huria. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu vya hapa Dar, pamoja na watu wa mitaa husika, walizunguka kwa miguu na simu mikononi wakichora mitaro na maeneo yanayofurika, kata kwa kata. Mama lishe na kijana wa bodaboda ndio waliokuwa wakionyesha maji yanapoanzia na yanapokwama, kwa sababu wao hukanyaga humo. Watu hao hao ukiwawekea mchoro wa Kiingereza ukutani watakuona unawaficha kitu, na hawatakuwa wamekosea sana.

Kuna jambo moja ninaloliomba kabla mkandarasi hajaingia mtaani kwetu: slabu ziwe nyepesi, watu wawili waweze kuzinyanyua. Zege lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Slabu ya sentimita 80 kwa 50, unene sentimita 10, inakaribia kilo 100, na hakuna atakayeigusa baada ya siku ya uzinduzi. Ikipunguzwa upana hadi sentimita 30 na unene hadi 8, nondo zikiwekwa sawasawa, inashuka hadi kama kilo 46. Sehemu za kupita magari zihesabiwe peke yake, kwa slabu nzito zaidi na zilizo chache.

Kwa hiyo kikao kijacho injinia asije na mchoro peke yake. Aje na slabu moja kwenye kirikuu, aishushe hapo chini ya mwarobaini. Tuwaite vijana wawili wa kijiweni waishike huku na huku, na yule mama wa vitumbua asimame karibu aangalie kama inanyanyuka.